Bei Aliyoitaja Bibi

Asubuhi za soko la Darajani, mjini Unguja, katika miaka ya 1980 zilianza na magari ya shamba. Yalikuja yamejaa hadi juu, mabodi ya mbao yaliyopachikwa juu ya chasisi za lori, abiria wamekaa kwenye mabenchi ya pembeni wakitazamana, magoti yakigusana. Letu lilikuwa namba 9, la Paje, Bwejuu na Jambiani. Darini kulikaa matenga ya kuku, mapakacha ya ndimu, mafungu ya kuni, na juu ya vyote mizigo ya wanawake wa kwetu Bwejuu: kamba za makumbi na mikeka iliyovingirishwa. Gari likisimama, taniboi alipanda juu na kuanza kushusha bila kuuliza mwenyewe nani, maana kila mwanamke alikuwa na namna yake ya kufunga. Mzigo wa bibi yangu ulikuwa na mafundo mawili yaliyokaa pamoja. Ukishauona, humtafuti tena mwenye nao.

Mimi nilikuwa nakaa mjini, Kikwajuni, kwa shangazi, nikisoma skuli. Wakati wa likizo, siku ambayo bibi alikuja na gari la alfajiri, nilikwenda kumpokea na kumbebea mzigo, kisha nikakaa naye mpaka gari la mchana. Kwa hiyo soko lile nalijua kwa upande wa muuzaji. Nalijua kwa kukaa chini kwenye kipande cha gunia na kuitazama miguu ya wapita njia, ipi itasimama na ipi itapita.

Jengo lenyewe ni la mwaka 1904, la enzi ya Sultani Ali bin Hamoud. Ndani mlikuwa na samaki na mnada wake, nyama, kuku, kisha mboga na matunda yaliyomwagika hadi nje. Kazi za mikono hazikukaa ndani. Zililizunguka jengo na kuingia vichochoroni mpaka Mchangani. Huko ndiko ulikomkuta fundi bati amekalia debe lililopinduliwa, anakata makopo matupu na kutoa koroboi, faneli za kumiminia mafuta, makopo ya kuchotea maji. Palikuwa na fundi wa makubadhi, na ngozi zake ulizisikia harufu kabla hujamwona. Palikuwa na mtu aliyeuza mbuzi za kukunia nazi na upawa wa vifuu, wanawake wa Makunduchi na vikapu vyao, kawa za rangi tatu nne za kufunikia chakula, vipepeo vya jikoni, misala ya kusalia. Katika vyote hivyo sikumbuki kimoja ambacho hakikuwa na kazi nyumbani kwetu. Hapakuwa na kitu kilichotengenezwa ili kiwekwe ukutani.

Hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoshika bei.

Kamba za bibi zilianza na shimo. Pwani yetu ya mashariki ina kina kifupi mpaka kwenye mwamba, na maji yakipwa huacha uwanja mpana wa mchanga na tope. Hapo kila mwanamke alikuwa na mahali pake. Alichimba, akapanga makumbi ya nazi, akayafukia na kuyagandamiza kwa mawe ya matumbawe ili maji yasije yakayachukua. Kisha yaliachwa miezi kadhaa yaoze. Hakuna aliyeweka alama ya kuandika, na hakuna aliyefukua shimo la mwenziwe. Bibi alijua lake kwa kupima kwa macho kati ya mnazi mmoja ulioinama na jiwe moja kubwa, na akienda moja kwa moja hakosi.

Siku ya kufukua ilikuwa siku ya harufu. Tope la makumbi yaliyoiva hunuka kwa namna inayokaa mwilini, na watoto tulikimbia, tukarudi, tukakimbia tena. Wanawake walikaa palepale kwenye maji ya magoti, kanga zimefungwa juu, wakayaosha, kisha wakayapiga kwa magongo juu ya gogo mpaka nyama ya kumbi itoke na usumba ubaki peke yake. Sauti ya magongo yale ilisikika kijiji kizima. Usumba ukaanikwa, ukachambuliwa, ukasokotwa kwa viganja viwili, ncha mbili zikipishana, kidogo kidogo, jioni baada ya jioni. Viganja vya bibi vilikuwa vigumu na vimeng'aa. Akikushika uso ulihisi kama unapanguswa kwa gamba la mti, na tulipenda kushikwa hivyo.

Mjini kamba iliuzwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mnunuzi mkuu wa bibi alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi huko Ng'ambo, mtu mrefu sana, na ugomvi wao ulikuwa huohuo kila alipokuja.

"Bi mkubwa, nipimie mimi."

"Kamba kasokota nani?"

"Wewe."

"Basi itapimwa kwa mikono iliyoisokota, mwanangu."

Akasimama, akainyoosha kamba kifuani, mkono huku na mkono huku, akahesabu kwa sauti ili na jirani wasikie. Yule bwana alimwacha amalize. Akatoa sehemu ya pesa, sehemu iliyobaki akaahidi Ijumaa, na Ijumaa baada ya sala pesa ilikuja, ikiletwa nyumbani kwa shangazi na kijana wake. Deni lile halikuandikwa popote. Nilikuwa mtoto, na niliona ni jambo la kawaida kwamba bei ya kitu huitajwa na aliyekifanya. Mnunuzi aliweza kulalamika, aliweza kuomba apunguziwe kidogo, aliweza kuondoka. Lakini hakuwa yeye aliyeanza kusema.

Na kamba ile ilikuwa na safari ndefu baada ya kutoka mkononi mwa bibi. Mjenzi aliifungia fito na boriti za nyumba ya udongo, na makuti ya paa. Fundi wa vitanda aliisuka kwenye fremu ya mbao, na watu wengi wa kisiwa hiki walizaliwa na kuuguzwa juu ya kitanda cha kamba. Wavuvi na mabaharia wa majahazi waliitaka kwa sababu usumba hauogopi maji ya chumvi. Mteja wa bibi alikuwa na jirani yake, na jirani yule alikuwa na mteja wake, na wote walikutana Darajani kununua samaki. Pesa iliyotoka kwa mvuvi asubuhi huenda ikarudi kwake mchana ikiwa bei ya kolekole.

Shangazi naye alikuwa na kazi yake, na hii haikuwa na harufu. Alishona kofia. Alichukua bafta nyeupe, akaikata duara ya juu na ukanda wa pembeni, kisha akaipeleka kwa mchoraji, kwa sababu kuchora ni ufundi peke yake na si kila mshonaji ana mkono wa kuchora. Ilirudi imejaa maua na mizabibu ya penseli. Hapo ndipo ilipoanza subira. Kila kitundu kilitobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mweupe ukingoni ili kisichanike, kimoja, kingine, mamia kwa mamia, mpaka ua likaonekana kwa matundu yake. Kofia moja ya mkono ilichukua miezi. Aliishona kati ya kupika na kufua, jioni barazani pamoja na wenziwe, na mwanga ukipungua aliisogeza karibu na uso. Ikiisha, ikafuliwa, ikatiwa dondo, ikavishwa juu ya kopo ikauke ikiwa wima.

Kofia hizo hazikupelekwa sokoni zikasubiri mtu. Ziliagizwa. Mwanamume aliyetaka kofia ya Idi alikuja mapema sana, miezi kabla ya Ramadhani, akachagua mchoro, akatoa arubuni. Baina ya arubuni na siku ya kuchukua, yeye na shangazi walikuwa watu wanaojuana. Aliulizia kofia na aliulizia afya ya watoto. Mteja mmoja alifiwa na mkewe katikati ya kazi. Shangazi aliimaliza ile kofia na kumpelekea mwenyewe, na pesa iliyobaki hakuiulizia mpaka yule bwana alipoileta. Katikati ya miaka ya 1980 jamaa waliokuwa Oman walipoanza kurudi kutembea, nao walikuja na maagizo. Huko Maskati kofia hii huitwa kumma na huvaliwa na wanaume karibu wote, na wapo Waomani wengi wanaokiri kwamba asili yake ni huku kwetu. Shangazi alifurahi sana kazi yake ilipopanda ndege, yeye ambaye hajawahi kuipanda.

Sitaki nionekane ninasifu enzi ile kwa kila kitu. Watu wa umri wangu wanakumbuka foleni za unga, mchele na sukari, na wanakumbuka kwamba baadhi ya vitu tulivifanya kwa mikono kwa sababu madukani hapakuwa na kitu. Koroboi ya kopo haikuwa fahari kwa mwanafunzi aliyesoma kwa moshi wake. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 na madukani pakaingia bidhaa, nyumba nyingi zilipumua. Mama aliyepata ndoo ya plastiki hakuwa na sababu ya kulilia kopo la bati, na mimi simlaumu.

Lakini pamoja na ndoo ilikuja kamba ya nailoni. Ilikuja ya buluu na ya kijani, nyepesi, rahisi, haina haja ya kufukiwa wala kupigwa. Ikaja mikeka ya plastiki yenye picha za misikiti na tausi. Zikaja kofia za mashine kutoka nje, ambazo kwa mbali huwezi kuzitofautisha na ya mkono. Na wakati huohuo pesa ya karafuu ilikuwa imekauka. Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake, ilikuwa imepanda yake ikajitosheleza, na bei ya dunia ikaanguka katika miaka ileile. Watu wa mjini huwa hawaunganishi mambo haya. Mchumaji wa karafuu alikuwa mteja mkubwa wa majamvi ya kuanikia, mapakacha na vikapu, na msimu mzuri wa karafuu ulitandaza mikeka mipya majumbani, Unguja na Pemba, kuanzia chumba cha arusi mpaka chumba cha wageni. Karafuu ilipoanguka, msusi wa jamvi alianguka nayo, bila kosa lolote la mikono yake.

Mwaka 1989 ukaja mwani. Ulianzia Paje na Jambiani, na haukuchukua muda ukafika kwetu Bwejuu. Wanawake walipewa mbegu, kamba na tai-tai za kufungia, wakapigilia mambo, yaani vigingi, kwenye mchanga uleule walikofukia makumbi, wakaufunga mwani fungu baada ya fungu. Baada ya wiki chache unavunwa, unaanikwa, unapimwa, unalipwa. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa pwani yetu alishika pesa kila mwezi bila kuja mjini. Nyumba za mawe zilijengwa kwa mwani, watoto wa kike walibaki skuli kwa mwani, na yeyote anayeudharau hajui alichokuwa nacho mwanamke wa Bwejuu kabla yake. Mama zangu wadogo waliacha makumbi. Mashimo yakajaa mchanga.

Bibi alijaribu mwani kwa muda, akarudi kwenye usumba wake. Tulidhani ni uzee. Nilipomuuliza, alinijibu kwa swali: "Ule mwani, nani anataja bei?"

Nilikuwa nimeshakua wakati huo, na nikaona alichokuwa anakisema. Mwani mkavu uliondoka kisiwani ukiwa mali ghafi. Nje ulitolewa kiungo cha kugandisha vyakula na dawa za meno, na mwanamke aliyeulima hakuwahi kuiona bidhaa yenyewe wala aliyeinunua. Mnunuzi wake alikuja na mizani na bei amekuja nayo. Ikipanda, inapanda, ikishuka, unauza tu, maana mwani mkavu huwezi kuula wala kuutandika. Baadaye bahari ilipozidi joto, ule mwani mnene wa kotoni, wenye bei nzuri zaidi, ukawa unakufa mashambani, ukabaki ule mwembamba wa bei ya chini. Kazi haikupungua. Kilichopungua ni kauli ya mwenye kazi.

Ndiyo maana nilifurahi kwa moyo wangu wote wanawake wa Paje na wa Kidoti, huko kaskazini, walipoanza kuusaga mwani na kufanya sabuni. Mwani uleule, uliochanganywa na mafuta ya nazi na karafuu au mdalasini wetu, ukakatwa vipande na kufungwa karatasi. Ni kazi ndogo ukilinganisha na marobota yanayosafirishwa. Lakini mwanamke anayeuza kipande cha sabuni anakaa nyuma ya meza yake, anaulizwa "Kiasi gani?" na anajibu.

Utalii ulipokua, mafundi waliambiwa kwamba wateja wapya wamefika. Ni kweli wamefika, na wapo waliojenga maisha kwa hilo. Sina ugomvi na mgeni anayenunua kikapu. Ila tembea mitaa ya Gizenga au Hurumzi leo, uangalie kinachoning'inia milangoni. Ni michoro ya Tingatinga, sanaa iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1968 kwa mkono wa Edward Saidi Tingatinga, sanaa nzuri, na vinyago vya Wamakonde, vyenye heshima yao. Kazi ya Unguja na Pemba yenyewe huwa imewekwa chini, pembeni, imelaliwa na vingine. Na kawa ya Makunduchi iliyopo hapo imenunuliwa shamba kwa bei ambayo mwenye duka aliitaja, kisha ikapandishwa mara kadhaa kabla mgeni hajaigusa. Nimeshuhudia binamu yangu akipokea agizo kubwa la mikoba ya ukili kutoka kwa mwenye duka mmoja, akawakusanya wasusi wa kijiji kizima, na siku ya kupeleka akaambiwa bei imebadilika. Aliuza kwa hasara kwa sababu mikoba ilikuwa imeshonwa kwa vipimo ambavyo hakuna mtu wa kwetu anavyovitumia. Jirani asingeweza kuinunua. Fundi ambaye kazi yake haifai nyumbani kwa jirani yake hana pa kukimbilia mteja wa mbali akigeuka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaosema kwa nia njema kwamba tuwasaidie mafundi wa kisiwa. Yule bwana mrefu wa Ng'ambo hakuwa anamsaidia bibi. Alihitaji kamba. Mwenye kofia hakumsaidia shangazi. Alitaka kwenda msikitini siku ya Idi akiwa na kofia isiyofanana na ya mtu mwingine. Walilipa kwa sababu kitu kilikuwa kizuri na kilikuwa chao. Mafunzo, mikopo, maonesho, yote yana nafasi yake, na serikali na mashirika yaendelee nayo. Lakini nimewaona wanawake waliofunzwa vizuri wakirudi nyumbani na vyeti, na nyumba za watu wa mjini waliowapigia makofi zimetandikwa plastiki sebuleni.

Ufundi wenyewe haujafa, na hili nalisema kwa uhakika wa mtu anayekwenda kuangalia. Bwejuu bado kuna wanaosokota, wachache, wengi wao wazee. Ukindu bado unachumwa maporini, unapasuliwa, unachemshwa na rangi, unasukwa ukili na kushonwa kwa shazia ukawa mkeka. Mkeka mzuri wa ukindu hutandikwa miaka na miaka. Ukichakaa huoza, haubaki ufukweni kumsumbua kasa. Wapo wasichana Kikwajuni na Ng'ambo wanaoshona kofia za mkono, wanapokea maagizo kwa simu, wanatuma picha za michoro kwa wateja wa Maskati na Dubai. Mchoro mmoja niliouona kwenye simu ya binti jirani yetu ulikuwa ni ule ule wa shangazi, mzabibu wake na majani yake matatu matatu. Yule binti hakumjua shangazi. Aliupata kwa mwalimu wake, na mwalimu aliupata kwa wake.

Darajani imebadilika sana. Biashara nyingi zimehamishiwa masoko mapya ya Jumbi na Mwanakwerekwe, na magari ya mbao yamepungua. Wauzaji wa mikeka na kawa hata hivyo wapo, ukiwatafuta. Kwa hiyo ninawaomba ndugu zangu wa visiwani, na wenzetu wa Mombasa, Lamu na Dar es Salaam ambao hali yao ni hii hii: mnapooa na kuoza, agizeni mkeka. Mkijenga kibanda cha kupumzikia, ulizeni kamba ya makumbi kabla ya nailoni. Kofia ya Idi ijayo iagize sasa, kwa sababu inachukua miezi; chagua mchoro, toa arubuni, chukua namba ya simu ya mshonaji na jina lake. Akikutajia bei, omba upunguziwe kidogo kama ilivyo desturi yetu, kisha ulipe.